Mtoto haongei, na mtaalamu yuko Dar es Salaam

Mwezi uliopita mama mmoja wa Mkuyuni alinijia nyumbani jioni akiwa na mtoto mgongoni. Mtoto mwenyewe si wa kubebwa tena, ametimiza miaka minne. Mama huyu anauza nyanya na vitunguu sokoni, na siku hiyo alifunga meza yake mapema ili anikute. Alitoa kwenye mfuko daftari la kliniki na karatasi tatu za hospitali, akazipanga mbele yangu moja moja.

"Dada, nimechoka kuambiwa nisubiri," aliniambia.

Mtoto wake haongei. Analia, anacheka, anamvuta mama mkono kuelekea kwenye kitu anachokitaka, lakini maneno hana zaidi ya mawili. Alipokuwa na miaka miwili, majirani walisema watoto wa kiume huchelewa. Alipofika miaka miwili na nusu, fundi mmoja wa mtaani alimkata utando ulio chini ya ulimi, ule ambao wengi wetu tunauita udata. Mtoto alishindwa kula vizuri kwa wiki nzima, na maneno hayakuja. Alipofika miaka mitatu, zahanati moja ilimpa chupa ya vitamini. Mwaka huu ndipo daktari mmoja kijana alipomsikiliza mama mpaka mwisho, akaandika kwenye karatasi: apimwe usikivu, kisha aonwe na mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha.

"Huyo mtaalamu yuko wapi?" mama akaniuliza.

Nimefanya kazi ya uuguzi kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya kustaafu, na niliona aibu kwamba sikuwa na jibu. Nikapiga simu kwa wenzangu wa zamani. Siku ya pili nikapewa namba. Mtaalamu yupo, anapokea wagonjwa, na alinijibu kwa upole sana. Yuko Dar es Salaam.

Kutoka hapa Nyamagana hadi Dar es Salaam kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100. Kama ingekuwa ni upasuaji, ningemwambia mama yule aombe msaada kwa ndugu, akope kwenye kikoba, aende mara moja amalize. Familia nyingi za kanda hii zimefanya hivyo kwa maradhi mengine. Lakini kujifunza kuongea hakumalizwi kwa safari moja. Mtoto anatakiwa aonwe kila wiki, au kila wiki mbili, kwa miezi mingi na wakati mwingine kwa miaka. Mama afunge biashara mara ngapi? Alale wapi? Nauli ya watu wawili kila mwezi ataitoa kwenye nyanya zipi?

Huduma ya namna hii ikiwa mbali, kwa mtu wa kipato cha kawaida ni sawa na kutokuwepo. Ndiyo maana wiki hii nazungumzia jambo ambalo wazazi wengi hawajawahi kulisikia: shahada ya tiba ya usemi na lugha, inasomewa wapi, inafundisha nini, na kwa nini Kanda ya Ziwa isikubali ibaki kuwa habari ya Dar es Salaam.

Kazi yenyewe ni ipi?

Akina mama waliowahi kukutana na wataalamu hawa huita kazi yao "mazoezi ya kuongea". Jina hilo si baya, ila linaonyesha nusu tu ya kazi.

Mtaalamu wa usemi na lugha anashughulika na mambo manne. La kwanza ni matamshi, yaani jinsi ulimi, midomo, kaakaa na pumzi vinavyotengeneza sauti. La pili ni lugha yenyewe: kuelewa unachoambiwa, kupata neno unalolitaka, kupanga maneno yawe sentensi. La tatu ni sauti na mtiririko wake, mfano mtu mwenye kigugumizi, au mwalimu aliyekaukiwa sauti kwa kupiga kelele darasani miaka kumi. La nne, ambalo wengi hushangaa, ni kumeza. Viungo tunavyotumia kuongea ndivyo tunavyotumia kula, kwa hiyo anayejua kimoja hufundishwa na kingine.

Huyu si daktari wa masikio, pua na koo, ingawa wanafanya kazi bega kwa bega. Si mtaalamu wa viungo anayenyoosha mguu na mkono. Si mwalimu wa elimu maalumu pia. Walimu hao, wakiwemo wanaotoka Chuo cha Patandi kule Arusha, wanafanya kazi kubwa sana mashuleni na tunawahitaji zaidi. Lakini mwalimu anampokea mtoto akiwa na umri wa kwenda shule. Mtoto wa miezi 18 asiyegeuka akiitwa jina lake anahitaji mtu mwingine, na anamhitaji mapema.

Hapa kwetu nani anawahitaji?

Chukua watoto wanaozaliwa na mdomo wazi au kaakaa wazi. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, ambayo imekuwa juu ya kile kilima tangu mwaka 1971, imewafanyia upasuaji watoto wa namna hiyo kutoka mikoa yote inayotuzunguka. Mzazi huondoka na furaha kwa sababu uso umekaa vizuri. Lakini kwa mtoto aliyekuwa na kaakaa wazi, kushona si mwisho wa tiba. Wapo ambao hata baada ya kushonwa vizuri pumzi huendelea kutokea puani wanapoongea, na "baba" ikasikika kama "mama". Wengine wamejizoesha kutengeneza sauti kooni kwa sababu kaakaa halikuwepo, na mazoea hayo hayaondoki kwa uzi wa daktari. Mtoto huyo akienda shule, wenzake watamwiga. Baada ya muda anaamua kunyamaza, na walimu wanaandika kwamba ni mzito.

Chukua watoto wenye mtindio wa ubongo. Kila muuguzi wa wodi ya watoto anawajua: wanarudi na homa ya mapafu, wanatibiwa, wanaruhusiwa, wanarudi tena. Mara nyingi chanzo ni chakula kinachoingia njia ya hewa. Mama analisha mtoto akiwa amelala chali mapajani, kichwa kimeenda nyuma, kijiko kinafuatana na kijiko. Hakuna aliyemwonyesha namna nyingine. Mtaalamu wa usemi na kumeza angemwonyesha jinsi ya kumkalisha, ukubwa wa kijiko, uzito wa uji, na dalili za kumwambia asimamishe. Hapo tunazungumzia uhai wa mtoto kabla hatujafika kwenye maneno.

Chukua wagonjwa wa kiharusi. Baba yangu mkubwa alipata kiharusi akiwa shambani. Mkono wa kulia ulilala, na maneno yakapotea. Kwa miezi miwili neno alilolitoa likaeleweka lilikuwa salamu ya asubuhi ya Kisukuma, "mwangaluka". Hata jioni alisema mwangaluka. Hata alipotaka maji. Ndugu walidhani akili imeharibika, wakaanza kumsemea, kumfokea kama kiziwi, na kugawana mambo yake mbele yake. Akili yake ilikuwa nzima. Siku moja nilimwonyesha picha za ng'ombe, nyumba na shamba, nikamuuliza lipi linamsumbua. Akaweka kidole kwenye ng'ombe, akalia. Alikuwa anataka kujua nani anachunga. Ubongo ukiumia upande wa lugha, salamu na maneno ya mazoea huweza kubaki wakati mengine yote yamekwama, na zipo njia za kumsaidia mtu huyo arudishe maneno au apate namna nyingine ya kuwasiliana. Mimi muuguzi nilijua kumgeuza asipate vidonda vya kulala. Hayo mengine sikufundishwa.

Ongeza watoto wenye usonji. Ongeza waliopoteza usikivu baada ya homa ya uti wa mgongo. Tangu mwaka 2017 Muhimbili imekuwa ikiwapandikiza baadhi ya watoto viziwi kifaa cha kusaidia kusikia, na hilo ni jambo la kujivunia kama taifa. Lakini kifaa kile kinampa mtoto sauti asizozijua maana yake. Lazima afundishwe kusikiliza na kuongea kwa muda mrefu baada ya upasuaji. Mtoto wa Misungwi au Ukerewe aliyepandikizwa Dar es Salaam, akirudi nyumbani anafundishwa na nani?

Mkoa wa Mwanza pekee, kwa sensa ya mwaka 2022, una watu karibu milioni 3.7, na Wilaya ya Nyamagana peke yake inakaribia laki sita. Ongeza Geita, Mara, Simiyu, Shinyanga na Kagera, wote wanaopewa rufaa kuja Bugando. Wataalamu wa usemi nchini ni wachache, na wengi wao wako Dar es Salaam. Hesabu hiyo mzazi yeyote anaweza kuifanya mwenyewe.

Kwa nini iwe shahada, si semina ya wiki mbili?

Swali hili nimeulizwa na watu wazima wenye nia njema. Wanasema: kama ni mazoezi, si wafundishwe wauguzi na walimu kwa wiki mbili tu?

Wafundishwe, ndiyo. Muuguzi wa wodi anaweza kufundishwa kupima kama mgonjwa wa kiharusi anameza salama. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kufundishwa kumtambua mtoto aliyechelewa. Lakini fikiria watoto watatu wa miaka mitatu wasioongea. Mmoja hasikii. Mwingine anasikia ila ana usonji. Wa tatu anaelewa kila kitu, lakini ubongo wake unashindwa kuupangia ulimi njia. Kwa macho wanafanana. Tiba zao hazifanani hata kidogo. Kuwatofautisha kunahitaji mtu aliyesoma jinsi mwili unavyojengwa, mishipa ya fahamu, usikivu, ukuaji wa mtoto, saikolojia na elimu ya lugha, kisha akakaa na wagonjwa wengi chini ya jicho la mwalimu wake. Kule Marekani mtaalamu haruhusiwi kufanya kazi hii bila shahada ya uzamili, na cheti cha chama chao cha taaluma kinadai saa 400 za mafunzo kwa vitendo. Uingereza wanakubali shahada ya kwanza. Kokote kazi hii ilikoota mizizi, haikuishia kwenye semina.

Ipo sababu nyingine, nayo ni yetu kabisa. Vitabu vingi na vipimo vingi vya fani hii vimetungwa kwa mtoto anayezungumza Kiingereza. Mtoto wetu anajifunza kusema "mtoto wangu, kiti changu, nguo zangu". Anatakiwa abadilishe viambishi, na makosa yake ya kawaida si yale ya mtoto wa London. Tena huku Ziwa mtoto anaweza kuanza na Kisukuma, Kikerewe au Kijita kwa bibi, akakutana na Kiswahili mtaani na Kiingereza shuleni. Mkubwa wa kwetu akisema "kura ugari" badala ya "kula ugali", huo si ugonjwa, ni lafudhi ya lugha aliyoinyonya. Mtaalamu asiyejua hilo atatibu watu wazima, na atawaacha wagonjwa wa kweli. Kwa hiyo tunahitaji wataalamu waliosomea hapa, wakapima watoto wa hapa, kwa lugha za hapa.

Inasomewa wapi?

Kwa Afrika, Chuo Kikuu cha Witwatersrand kule Johannesburg kilianza kufundisha fani hii tangu miaka ya 1930. Kwetu Afrika Mashariki tumechelewa. Majirani zetu wa ng'ambo ya ziwa ndio waliotangulia: Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, kilianzisha shahada ya tiba ya usemi na lugha mwaka 2008, mafunzo yakiegemea idara ya masikio, pua na koo katika Hospitali ya Mulago. Mwanzoni walitegemea sana walimu wa kujitolea kutoka nje, kwa sababu huwezi kuwa na walimu wa fani ambayo haijawahi kuwa na wahitimu. Hata hivyo walianza, na waliohitimu ndio walioanza kuwashika mkono waliofuata.

Hapa nchini, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS) sasa kina shahada inayounganisha fani mbili, usikivu pamoja na usemi na lugha. Wanaoingia ni vijana waliosoma Fizikia, Kemia na Biolojia kidato cha sita. Nawapongeza walioipigania. Kuunganisha fani hizo mbili kuna faida kwa nchi yenye wataalamu wachache, kwa kuwa mtu mmoja anaweza kumpima mtoto usikivu na kumwanzishia tiba ya kuongea.

Lakini najua jinsi nchi yetu inavyokwenda. Chuo kikiwa Dar es Salaam, mafunzo kwa vitendo yanafanyika Dar es Salaam, mhitimu anazoea Dar es Salaam, na kliniki binafsi za Dar es Salaam zinamsubiri mlangoni. Simlaumu kijana huyo. Nalaumu mpango ambao haukumwonyesha mahali pengine pa kwenda.

Ninachopendekeza

Kwanza, nafasi za kazi zitangulie. Kila hospitali ya rufaa ya kanda na ya mkoa iwe na nafasi ya mtaalamu wa usemi na lugha katika ikama yake, yenye mshahara na chumba. Nafasi isipokuwepo kwenye karatasi, mhitimu ataishia kufanya kazi nyingine, na mwaka unaofuata tutaambiwa vijana hawaipendi fani hii. Kwa hapa Nyamagana tuanze na Bugando na Sekou Toure.

Pili, wanafunzi wa Muhimbili waletwe huku kwa mafunzo ya vitendo kwa wiki nyingi, si kwa matembezi. Wagonjwa wapo, na lugha wanazotakiwa kuzizoea zipo. Kijana aliyemfundisha mtoto wa Igoma kusema "maji" kwa mara ya kwanza anaweza kuamua kurudi.

Tatu, ndani ya miaka michache chuo kikuu cha pale Bugando, ambacho wengi tunakiita CUHAS, kianze kujiandaa kufundisha fani hii. Kilianza mwaka 2003 na leo kinatoa madaktari, wafamasia, wauguzi na wataalamu wa maabara. Idara ya masikio, pua na koo iko pale pale, wodi ya watoto iko pale pale. Isianze na jengo. Ianze kwa kuwapeleka watu wawili au watatu kusoma, Muhimbili, Makerere au mbali zaidi, kwa mkataba wa kurudi kufundisha. Makerere haikusubiri kila kitu kikamilike.

Nne, vipindi vya tiba hii vihesabiwe kama tiba katika bima ya afya kwa wote, ambayo sheria yake ilipitishwa mwaka 2023. Mzazi akilipia mfukoni kila wiki, mwezi wa pili ataacha.

Naujua ubishi utakaokuja. Wilaya nyingi hazina wakunga wa kutosha, wewe unaleta habari za kufundisha watu kuongea? Nimefanya kazi wodi ya wazazi, najua uchungu wa upungufu huo. Lakini mtoto njiti tuliyemwokoa wodini leo, na yule aliyechelewa kulia alipozaliwa, ndio wanaorudi baada ya miaka miwili wakiwa hawaongei au hawamezi vizuri. Kadiri tunavyookoa wachanga wengi, ndivyo tunavyotakiwa kuwaandalia maisha baada ya wodi. Na sijaomba jeshi la wataalamu. Naomba wawili Bugando, mmoja Sekou Toure, mmoja kila mkoa. Daraja la Kigongo-Busisi limefunguliwa Juni 2025, mtu wa Sengerema hasubiri tena kivuko. Barabara ya kumfikisha mgonjwa ipo. Akifika, amkute mtu.

Wakati tunasubiri

Mzazi mwenzangu, usikae bure mpaka serikali ijibu. Haya unaweza kuyafanya.

Mtoto wa miezi 12 anatakiwa awe anabwabwaja sauti mbalimbali na kugeuka akiitwa. Karibu na mwaka mmoja na nusu awe na maneno machache yenye maana. Afikapo miaka miwili awe anaunganisha mawili, kama "mama njoo" au "taka maji". Ni kweli wavulana huweza kuchelewa kidogo kuliko wasichana, lakini ni kidogo, si miaka. Mtoto asiyekuwa na maneno akiwa na miaka miwili apelekwe hospitali, awe wa kiume au wa kike. Na mtoto wa umri wowote aliyekuwa anaongea kisha akaacha, apelekwe wiki hiyo hiyo.

Jambo la kwanza liwe kupima usikivu, katika kliniki ya masikio, pua na koo. Usiseme "anasikia, mbona mlango ukigongwa anashtuka". Anaweza kusikia mlango na asisikie maneno.

Usimpeleke mtoto kukatwa udata wala kimeo kwa fundi wa mtaani. Utando uliobana sana unaweza kumsumbua mchanga kunyonya, na hilo huamuliwa na daktari. Haumfanyi mtoto akose maneno kabisa. Mtoto asiyeelewa unachomwambia shida yake haiko chini ya ulimi.

Usiache kuzungumza lugha yako naye. Wapo wazazi wanaoambiwa waache Kisukuma au hata Kiswahili, waongee Kiingereza tu ili mtoto "asichanganyikiwe". Lugha mbili hazimfanyi mtoto kuwa bubu. Ongea naye lugha unayoijua vizuri, wakati wa kuoga, kupika, kuchambua mboga. Taja kitu, subiri, mpe nafasi ya kujibu hata kwa sauti tu. Simu yenye katuni inaongea, lakini haimsubiri.

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, au mzee aliyepata kiharusi, mlishe akiwa amekaa wima, kichwa kikiinama kidogo mbele, kijiko kidogo, ameze kwanza ndipo umwongeze. Akikohoa kila anapomeza, au sauti ikawa kama ina maji baada ya kula, simamisha na umrudishe hospitali. Maji matupu mara nyingi ndiyo yanayowapalia zaidi, kwa hiyo omba ushauri kabla ya kumpa.

Mtoto wa miaka mitatu au minne akianza kigugumizi, usimwambie "sema haraka" wala usimmalizie neno. Msikilize taratibu. Wengi huachana nacho wenyewe, ila kikizidi miezi sita, au kikimfanya aogope kuongea, tafuta msaada.

Na kwa kuwa wataalamu ni wachache, matapeli hawatakosekana. Mtu akikwambia anatibu watoto wasioongea, muulize amesomea wapi, kwa miaka mingapi, na amesajiliwa na nani. Anayekuahidi maneno ndani ya siku saba, mwache.

Kuna ombi moja kwa wazazi wenye vijana kidato cha tano na cha sita. Kila mwaka tunawasukuma wote kwenye udaktari, na anayekosa nafasi analia kama amefiwa. Kijana mwenye masomo ya sayansi, mvumilivu, anayependa watu na lugha, mwambie ipo shahada hii. Hatapata foleni ya wenzake mbele yake.

Yule mtoto wa Mkuyuni amepimwa usikivu wiki mbili zilizopita. Masikio yote mawili yanasikia kidogo sana. Atavalishwa mashine za kusikia, na ndugu wameanza kuchangishana. Mama yake alinipigia simu akiwa na furaha na hasira kwa pamoja, furaha kwa kujua, hasira kwa miaka miwili iliyopotea. Kisha akaniuliza tena lile swali: mashine zikishavaliwa, nani atamfundisha?

Nimemwambia tutaanza sisi wenyewe, mimi na yeye, kila Jumamosi, kwa maelekezo ya yule mtaalamu kwenye simu. Ni bora kuliko kutofanya kitu. Lakini mimi si mtaalamu, na mtoto huyu hastahili kufundishwa kwa kubahatisha. Natamani mama wa mwakani akiniuliza yuko wapi, nimjibu: panda daladala, shuka Bugando, uliza chumba cha usemi.

Tukutane wiki ijayo. Ushauri wa safu hii hauchukui nafasi ya daktari anayemwona mgonjwa wako.